Toyota MR-S ya 2001 inauzwa hapa Malindi: niichukue au niiache?

Mwalimu_Ganda ameuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na heshima kwa wakubwa wote mlioko humu.

Naomba ushauri juu ya gari ambalo nimelitamani tangu nilipokuwa kidato cha pili, wakati mgeni mmoja alipokuwa akipita nalo jioni kwenye barabara ya Casuarina, paa likiwa wazi, nasi tukiusimamisha mpira ili tulitazame hadi lipotelee kwenye mivinje. Gari lenyewe ni Toyota MR-S, lile dogo la viti viwili ambalo injini yake haikuwekwa mbele kama magari tuliyoyazoea, bali imekaa nyuma ya mgongo wa dereva, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Leo nina umri wa miaka 38, nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na wiki iliyopita nilipata habari kwamba moja inauzwa hapa hapa mjini.

Ni ya mwaka 2001, rangi ya fedha, gia tano za mkono, na namba yake ni zile za zamani zinazoanza na KA. Mita inasoma kilomita 131,000. Mwenyewe ni mzee anayefunga nyumba yake ili arudi kwao baada ya kukaa nasi miaka mingi, na bei anayoitaka ni shilingi 780,000. Aliniruhusu niiendeshe kutoka mjini hadi daraja la Sabaki na kurudi. Sijapata kuendesha kitu cha namna ile. Usukani ni mwepesi kwa kuwa mbele hakuna mzigo mkubwa wa kuugeuza, na kila nilipokata kona gari lilifuata mkono wangu kama chaki inavyofuata vidole ubaoni. Sauti ya injini haitoki mbele. Unaisikia nyuma ya masikio, na ukikanyaga mafuta unausikia uvutaji wa hewa karibu kabisa na bega lako.

Gari la familia tunalo, nalo litabaki, kwa hiyo hili litakuwa la pili, la kwenda Watamu siku za mapumziko na kufika kazini mara mbili au tatu kwa wiki. Mama watoto ameridhia, kwa sharti kwamba karo za watoto zisiguswe, na sharti hilo naliona ni la haki. Ndiyo maana nauliza kabla sijatoa hata shilingi. Je, mtu mwenye mshahara wa mwalimu anaweza kulitunza gari hili bila kufedheheka? Hewa yetu ya chumvi italifanya nini? Nikienda kulikagua, nitazame wapi? Na je, ni kweli kwamba magari yenye injini ya katikati humgeuka dereva wakati wa mvua, kama nilivyoambiwa na mwenzangu mmoja shuleni?

Fundi_wa_Barani amejibu:

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Nimeshughulikia MR-S tatu katika miaka yangu ya gereji, mbili za hapa Malindi na moja iliyoletwa kutoka Kilifi, kwa hiyo nitakueleza niliyoyashika kwa mikono yangu.

Jambo la kwanza likutulize moyo. Injini ya gari hilo ni 1ZZ-FE ya sentimita za ujazo 1,794, yenye nguvu za farasi 140, nayo ni jamaa ya injini iliyomo ndani ya Toyota Wish za mwanzo za lita 1.8, na ndani ya baadhi ya Premio na Allion za wakati huo. Hii maana yake ni kwamba pampu ya maji, plagi, sensa, gasketi na cheni ya taimingi utavipata Mombasa bila kuagiza ng'ambo, na fundi yeyote aliyewahi kuifungua Wish hatababaika akifika kwenye injini yenyewe. Kwa kuwa gari zima lina uzito wa takribani tani moja tu, farasi hao 140 wanatosha kabisa, na mafuta hayaliwi kwa pupa. Gharama hutoka kwenye vitu ambavyo Wish haina: paa la kitambaa, kioo chake cha nyuma, taa, na vipande vya bodi. Ukivunja taa ya mbele, jiandae kuiagiza na kungoja.

Jambo la pili ndilo litakaloamua kama ununue au uache, kwa hiyo nivumilie nilieleze kwa kirefu. Injini za 1ZZ zilizotengenezwa kabla ya maboresho ya mwishoni mwa mwaka 2002 zina pistoni ambazo matundu yake ya kurudisha oili ni madogo na machache. Baada ya miaka matundu hayo huziba kwa masizi, ringi za oili hukwama, na oili huanza kupanda juu na kuungua pamoja na petroli. Kwenye Wish au Premio mwenye gari huongeza oili na maisha yakaendelea. Kwenye MR-S kuna zaidi, kwa sababu ndani ya manifoldi yake ya eksosi, yaani bomba la kukusanyia moshi wa silinda, mmewekwa katalisti ndogo mbili, vichujio vya kusafisha moshi, zilizo karibu sana na milango ya silinda. Oili inayoungua huzichafua, udongo wake uliochomwa kama kigae huanza kumeguka, na vumbi lile gumu hurudi likavutwa ndani ya silinda, kwa kuwa kuna nukta ambapo vali za kuingiza na za kutolea huwa wazi kwa pamoja. Likishaingia hukwangua kuta za silinda kama msasa, oili ikazidi kupanda, katalisti ikazidi kumeguka, na mwisho wake ni injini iliyokufa. Gari lako ni la 2001, kwa hiyo liko katikati kabisa ya kundi hilo.

Ukaguzi wake si mgumu. Nenda asubuhi na mapema, umwombe mzee asiliwashe kabla hujafika. Fungua mfuniko wa nyuma. Manifoldi iko upande wa nyuma wa injini, chini ya bati la kuzuia joto. Ondoa bati hilo, kisha fungua sensa mbili za oksijeni zilizochomekwa juu ya manifoldi, ukizipuliza kwanza dawa ya kulainisha kutu na kuziacha robo saa, maana ukizilazimisha utakata nyuzi zake. Ingiza tochi nyembamba kwenye tundu. Unatakiwa kuona kitu kama sega la nyuki, vitundu vidogo vilivyopangika sawasawa, rangi ya kijivu au hudhurungi. Ukiona shimo, pembe iliyomeguka au mahali patupu, ujue vipande vimekwenda, na swali linalobaki ni vimekwenda njia gani. Hapo mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda zote nne kabla ya neno lolote la bei. Baada ya hayo liwashe, liache lipate joto, lizime dakika tano, uliwashe tena huku mtu amesimama nyuma akitazama moshi. Moshi wa buluu ni oili.

Kuhusu chumvi, usidanganywe na rangi inayong'aa juu. Lala chini na bisibisi, ugongegonge fremu ndogo ya nyuma inayobeba injini na mikono ya saspensheni, hasa kwenye maungio. Magari yanayolala karibu na bahari huanza kuliwa hapo, mahali ambapo mchanga wenye unyevu hujikusanya na haukauki. Kisha inua mazulia nyuma ya viti. Paa lile lina mifereji miwili ya kuteremshia maji ya mvua, na hapa kwetu huzibwa na majani ya mvinje, yale membamba kama sindano. Maji yakikosa njia huingia ndani na kutuama kwenye visanduku vya mizigo. Gari moja niliyoletewa ilikuwa na vidole viwili vya maji humo, na mwenyewe alikuwa akihangaika miezi mitatu kutafuta chanzo cha harufu.

Tairi za mbele ni 185/55 R15 na za nyuma 205/50 R15. Hazibadilishani nafasi, kwa hiyo za nyuma zitakwisha mapema na utazinunua mbili mbili. Ukikuta zote nne ni za saizi moja, ujue mwenye gari alikuwa akibana matumizi, na pengine alibana kwingine pia.

Nahodha_Mokowe amejibu:

Mwalimu, Fundi amekwisha kukueleza injini vizuri, nami naomba nizungumzie maji na kona, maana hayo mawili nimeyalipia.

Mimi ni mkaazi wa Lamu. Kisiwani kwetu mitaa ni ya miguu na punda, kwa hiyo gari langu hulala Mokowe, upande wa bara, nami hulifuata kwa mashua. Ni MR2, ukoo ule ule wa MR-S yako, ya kizazi cha pili, ya mwaka 1994, injini ya lita mbili isiyo na tabo. Kizazi cha kwanza kilitoka mwaka 1984, cha pili mwaka 1989, na hicho unachokitaka wewe kilianza 1999 na kuachwa kutengenezwa mwaka 2007, lakini vyote vitatu vina umbo moja la kupoza injini: rejeta iko mbele na injini iko nyuma, na maji husafiri kwenye mabomba marefu yanayopita chini ya sakafu. Katika gari la kawaida mpira wa rejeta ni wa urefu wa mkono. Katika gari hili maji hutembea karibu urefu wote wa gari, kwenda na kurudi, na popote hewa itakapojificha njiani maji husimama.

Miaka minne iliyopita nililipeleka gari kwenye gereji moja kubadilisha thamostati. Fundi wa pale, kwa kutojua, alijaza maji kwa nyuma tu hadi yakafurika, akafunga, akaniambia niende salama. Nilikuwa naelekea Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 200. Nilipoipita Witu niliona mshale wa joto unapanda. Nikafungua kipasha joto cha ndani ili kupunguza moto wa injini, kama tulivyofundishwa na wazee wa malori, na kikanipulizia upepo baridi. Wakati ule sikuelewa maana yake. Leo naelewa: kipasha joto kiko mbele, na kikitoa baridi ilhali mshale uko juu, basi maji ya moto hayafiki mbele kabisa, ni hewa tupu iliyojaa kwenye mabomba. Nilisogea kilomita chache zaidi nikitafuta kivuli, na kilomita hizo chache ndizo zilizopindisha silinda hedi. Gari lilifika Malindi juu ya lori.

Tangu siku hiyo kazi ya maji naifanya mwenyewe. Mbele kuna vali za kutolea hewa, moja ya rejeta na nyingine ya kipasha joto. Huzichomeka mipira myembamba inayoonyesha ndani, nikaifunga juu kuliko mdomo wa kujazia, nikaweka kipasha joto kwenye moto kabisa, kisha nikajaza kwa nyuma taratibu, kikombe kwa kikombe, hadi maji yaonekane kwenye mipira bila mapovu hata moja. Ndipo nafunga, nawasha, nangoja feni izunguke, nazima, na likishapoa narudia kutazama. Ni kazi ya asubuhi nzima. Muulize mzee huyo nani alibadilisha kulanti, yaani hayo maji ya kupozea injini, mara ya mwisho na alifanyaje. Jibu lake litakueleza mengi kuliko mita ya kilomita.

Sasa kona. Mwenzako hakukosea kabisa, ila hakukueleza sababu. Sisi tuliokulia kwenye majahazi tunajua kwamba farumi, uzito wa kukituliza chombo, hupangwa tumboni mwa chombo, wala hairundikwi omo au tezi, kwa sababu uzito ukiwa katikati chombo hugeuka kwa wepesi, na ukiwa kwenye ncha hugoma kugeuka, na kikishaanza kugeuka hugoma kusimama. Gari hili ni hivyo hivyo. Injini iko karibu na katikati, kwa hiyo pua hugeuka mara unapoiomba. Lakini wepesi ule ule wa kuanza kugeuka ndio wepesi wa kuzunguka ikiwa tairi za nyuma zitaachia. Na huachia lini? Dereva anapoingia kona kwa kasi kubwa, akaogopa katikati, akaondoa mguu kwenye mafuta ghafla. Uzito hukimbilia mbele, tairi za nyuma hubaki nyepesi, na nyuma hutaka kutangulia. Magari ya mwanzo ya kizazi changu yalikuwa makali zaidi kwa hilo, hata Toyota yenyewe ikarekebisha saspensheni mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hilo la kwako lina ekseli zilizoachana zaidi kuliko ndugu zake wote wawili, milimita 2,450, kwa hiyo ni pole. Punguza mwendo kabla ya kona, ingia, kisha shikilia mafuta kidogo bila kuyaachia hadi uone kona inafunguka. Wakati wa masika, mvua ya kwanza inapolowesha vumbi na oili iliyokauka juu ya lami, nenda kama unambeba mama yako mzazi.

Karani_Malindi amejibu:

Mwalimu, nakuongezea mambo ya makaratasi. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo MR-S ya 2001 ilipaswa kuwa imekwisha kuingia na kusajiliwa kabla ya mwaka 2009, na hata zile za mwisho za 2007 mlango wao ulifungwa zamani. Namba ya KA inalingana na hilo. Hata hivyo hakikisha namba ya chasi iliyoko kwenye gari ni ile ile iliyoandikwa kwenye logibuku, herufi kwa herufi, na usilipe chochote kabla mzee hajaanzisha uhamisho kwenye akaunti yake mwenyewe ya serikali, maana akishasafiri utabaki na gari lisilo lako. Kwa upande wa bima, ile ya lazima ya mtu wa tatu utaipata bila shida. Bima kubwa kwa gari la umri huo kampuni nyingi huikataa, kwa hiyo fedha za dharura zitoke mfukoni mwako.

Binti_Watamu amejibu:

Mwalimu, mimi nina maoni tofauti na kaka zangu, na naomba uyapime.

Kama moyo wako unataka injini ya katikati, bado kuna gari moja dogo ambalo sheria ya miaka minane inaliruhusu, nalo ni Honda S660. Ilianza kutengenezwa mwaka 2015 na ikakoma 2022. Mimi niliagiza ya mwaka 2017 kutoka Japani, ikashushwa Mombasa, na sasa naiendesha kati ya Watamu na Malindi karibu kila siku. Injini yake ni ya sentimita za ujazo 658 tu, yenye tabo, nguvu 64, na gia sita za mkono. Ukisikia 64 unaweza kuidharau, lakini gari lina kilo 830, nawe umekaa chini kiasi kwamba kilomita 70 kwa saa unazihisi kama 120. Kwa barabara zetu, zenye matuta kila kijiji na bodaboda kila upande, hiyo ndiyo raha unayoweza kuitumia yote bila kuvunja sheria.

Sitakuficha mapungufu yake. Haina buti. Paa lake hulikunja kwa mikono, ukiliviringisha kama mkeka kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha ukalilaza ndani ya kisanduku kilicho chini ya boneti, na likishalala humo hakuna nafasi tena ya kuweka hata kapu la sokoni. Nikienda sokoni huliacha paa juu na kuweka vitu kwenye kiti cha abiria, kwa maana hiyo siendi na mtu. Saa sita mchana paa wazi halitamaniki. Raha yake ni baada ya alasiri, upepo wa kusi ukivuma, na kwenye njia ya Gede ukapokewa na harufu ya msitu baada ya mvua. Matuta nayapanda kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine, na bado nimekwangua mdomo wa mbele mara mbili.

Kuhusu fedha, bei ya kununulia na usafiri ilikuwa karibu na ile anayoitaka mzee wako, kisha ukaja ushuru, ambao hukokotolewa kwa bei iliyoko kwenye orodha ya mamlaka ya ushuru na si kwa risiti yako. Nilitumia karibu mara mbili ya ulichonacho. Lakini nililipata gari ambalo halijala oili hata tone, na ambalo nadhani litanifikisha miaka kumi. Nikiwa mahali pako ningengoja miaka miwili nikiweka akiba.

Mwalimu_Ganda amerudi:

Ndugu zangu, sina namna ya kuwalipa. Nimeyasoma majibu haya mara tatu, na mfano wa farumi nimekwisha kuupeleka darasani, kwa sababu hakuna njia bora kuliko hiyo ya kumweleza mtoto wa Malindi kwa nini mahali pa uzito ni muhimu kuliko uzito wenyewe.

Dada wa Watamu, nimekaa na ushauri wako usiku mzima. Una haki katika kila ulilosema. Ila miaka miwili ya akiba kwangu ingegusa lile sharti la karo, na mzee naye anaondoka mwezi ujao.

Jumamosi alfajiri nilikwenda na kijana mmoja kutoka gereji ya Fundi, kwa idhini yake. Mzee alitutii na hakuwasha gari. Sensa ya kwanza ilitoka vizuri baada ya kupulizwa dawa, na ndani nikaona lile sega, safi, vitundu vyote mahali pake. Sensa ya pili ilichukua karibu saa nzima. Nilipoingiza tochi niliona sega limemeguka upande mmoja, pembe ya ukubwa wa ncha ya kidole gumba, kama mkate uliomegwa na mtoto. Sikuwahi kudhani kwamba kitu kidogo namna ile kinaweza kuniumiza. Mzee aliomba aone mwenyewe, akachungulia, akakaa kitako juu ya kizingiti bila kusema neno. Nina hakika hakujua.

Tulipima mgandamizo. Silinda zote nne zilikaribiana, na kijana akasema hakuna iliyoanguka. Tulipoliwasha mara ya pili likiwa moto kulikuwa na moshi wa buluu kidogo sana, uliopotea kwa sekunde chache. Fremu ya nyuma upande wa kulia iligongeka kwa sauti kavu. Upande wa kushoto, kwenye ungio la mbele, bisibisi ilizama kama nusu ya kucha. Mifereji ya paa ilikuwa imeziba yote miwili, nami nikaizibua kwa waya nikatoa bumba zima la majani ya mvinje. Kulanti ilibadilishwa mwaka jana, na mzee anayo karatasi ya kazi hiyo ikieleza kwamba hewa ilitolewa kwa vali za mbele.

Tumekubaliana shilingi 590,000. Uhamisho aliuanzisha Jumatatu mbele yangu, na namba ya chasi tuliilinganisha mara mbili. Tofauti ya bei nimeiweka kando kwa ajili ya manifoldi na kulehemu ile fremu. Swali langu la mwisho ni kwa Fundi: gari liko nyumbani kwa mzee, mwendo wa kilomita nne kutoka kwako. Je, naweza kulileta polepole likiendeshwa, au hata kilomita hizo nne ni hatari?

Fundi_wa_Barani amejibu:

Usiliendeshe, Mwalimu, wala usiliwashe kulisogeza. Kipande kilichokwisha kulegea hakijui kama umekwenda kilomita nne au mia nne. Nitamtuma kijana kesho baada ya sala ya asubuhi na gari la kuvuta lenye kitanda, si la kamba, kwa sababu liko chini na kamba italing'oa mdomo. Manifoldi isiyo na katalisti nimeipata Mombasa, na katalisti kubwa ya chini itabaki mahali pake. Mwambie mzee akupe na ufunguo wa kile kisanduku cha nyuma ya viti. Wengi huusahau, na mkono wa jeki na spana ya magurudumu huwa humo au mbele pamoja na tairi la akiba. Njoo mwenyewe tukifungua, ili uone kwa macho yako tutakachokikuta upande wa pili wa hilo sega.